Niliandika "mwenzetu amefiwa" na grupu ikamlilia yeye mwenyewe

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni katibu wa chama chetu kidogo hapa Nakuru, Section 58. Wiki jana mamake mwenzetu mmoja aliaga, nikaandika hivi kwa grupu ya WhatsApp: "Ndugu zangu, kwa huzuni kubwa nawajulisha kwamba mwenzetu Wafula amefiwa. Mungu amlaze mahali pema peponi." Kidogo naona watu wanaweka picha ya Wafula na mshumaa, mmoja akampigia bibi yake akilia. Saa hii kila mtu ananifundisha Kiswahili. Mmoja anasema ningeandika "Wafula amefiwa mama", mwingine "Wafula amepoteza mama", mwingine "Mama Wafula amefiwa", na mweka hazina anasema hilo neno kufiwa tuliache tu kabisa. Nani yuko sawa?

JIBU: Pole Katibu, na Wafula mpe pole mbili, moja ya mamake na moja ya kuzikwa na chama akiwa hai anakunywa chai kwake.

Nianze na kitu labda hukutarajia. Neno kufiwa ulilitumia vizuri, hiyo sentensi ya kwanza haina kosa hata moja. Kilichomuua Wafula ni ile herufi moja kwa sentensi ya pili, ile "m" ya amlaze. Hebu soma tena kama mtu amefungua simu akiwa kwa matatu. Sentensi ya kwanza ina jina la mtu mmoja tu, Wafula. Ya pili inasema Mungu amlaze. Amlaze nani? Mama yake hukumtaja mahali popote, kwa hivyo hiyo "m" inatafuta mtu wa kushika, inamkuta Wafula amesimama peke yake, inamshika inampeleka peponi. Ongeza sasa kwamba nusu ya grupu neno amefiwa halijawakaa sawa kichwani, wameona jina, wameona "fi", wameona peponi, wamemaliza, wanatafuta picha ya mshumaa.

Na usidhani ni nyinyi peke yenu. Mimi nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, na tangu nitoke darasani nakaa kwa duka moja la uchapaji hapa Kisumu nasoma programu za mazishi kabla hazijaingia kwa mashine. Alhamisi ndiyo siku ngumu juu Ijumaa maiti inatoka mochari na Jumamosi ni kuzika, kwa hivyo watu wanaingia jioni na flashi mkononi, hawajalala, macho mekundu, picha ya marehemu imekatwa kutoka kwa picha ya harusi ya mtu mwingine unaona bega la mwenye harusi bado liko hapo kando, na mimi sasa ndio wa kumwambia huyo mtu kwamba hapa umeandika "Marehemu alifiwa tarehe 3 baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nimeiona hiyo si mara moja. Marehemu hawezi kufiwa, ama tuseme alishafiwa zamani akiwa hai, lakini hiyo tarehe 3 wenye kufiwa ni nyinyi mmekaa hapa mkiniangalia.

Shina la neno ni -fa. Ukiweka i linakuwa -fia, kitendo sasa kinamfikia mtu mwingine, ndio unasikia mtu akisema "baba alinifia", yaani alikufa na kifo chake kikaniangukia mimi. Ukiongeza w linakuwa -fiwa, na hapo yule aliyeangukiwa anahama anakuja mbele, anakuwa yeye ndiye habari. Baba alinifia. Nilifiwa na baba. Kifo ni kimoja kimesemwa kutoka pande mbili. Ukisema amefiwa, anayetembea mbele ya sentensi ni aliyebaki.

Kinachowapiga watu chenga ni kwamba wamezoea ile w ya kupigwa na kuitwa, unampiga mtu, unamwita mtu, sasa kufa unamfanyia mtu vipi? Lakini hata wewe Katibu unatumia hiyo njia kila siku bila kujua. Asubuhi ukikosa sukari unasema "nimeishiwa na sukari". Nani ameisha hapo? Sukari. Wewe uko, umeshika kikombe. Dereva wa lori akikwama pale Salgaa anasema "nimeharibikiwa na gari" na hakuna mtu anadhani dereva ndiye ameharibika. Mwanaume akirudi nyumbani akute kabati tupu tunasema "amekimbiwa na mke", miguu iliyokimbia ni ya mke, yeye amesimama mlangoni na funguo. Sasa weka amefiwa hapo kwa hiyo foleni: amefiwa na mama, aliyekufa ni mama, yeye ndiye ameachwa mlangoni. Kama unaweza kuishiwa na sukari unaweza kufiwa, ni sarufi ile ile.

Na hii si kitu Kiswahili kimejitungia peke yake. Mkikuyu wa hapo kwenu Nakuru anajua gũkuĩrwo, ni hesabu hiyo hiyo kabisa, kufa, kufia, kufiwa, na anaweka jina la aliyekufa mwishoni kama sisi. Waluhya mjane wanamwita namulekhwa, ndani yake kuna kuacha, yaani yule aliyeachwa. Shida inakuwa kubwa kidogo kwetu sisi wa huku ziwani, juu Dholuo utasema "min Otieno otho", mamake Otieno amekufa, sentensi inaanza na aliyeenda, kwa hivyo mtoto wa Kisumu akija kwa Kiswahili anatafuta aliyekufa mbele ya sentensi, akimkuta Otieno hapo mbele basi ni Otieno amekufa. Nimewaona wanafunzi werevu sana wakianguka hapo na sikuwahi kuwalaumu.

Sasa tuje kwa hao walimu wako wa grupu.

Yule wa "Wafula amefiwa mama" amesahau "na". Mdomoni inapita, hata mimi nikiwa nimekaa na watu nasikia "amefiwa baba" na simkatizi mtu, mtu amefiwa unamkatiza kwa nini. Lakini kwa maandishi weka "na". Bila hiyo "na" msomaji anaweza kusoma kana kwamba unamwambia mama fulani: Wafula amefiwa, mama. Na hiyo "na" inahitajika tu kama unamtaja aliyekufa. Kama humtaji unaacha neno lisimame peke yake na linatosha, mtu anabisha mlango saa kumi na moja asubuhi anasema "tumefiwa", hata hujauliza nani ushaanza kutafuta leso na viatu.

Ila hiyo "na" ina ujanja wake, juu pia ndiyo ile ya kuunganisha watu. "Wafula amefiwa na mamake", hapo aliyebaki ni mmoja. "Wafula na mamake wamefiwa", hapo mama yuko hai, wote wawili wameketi kwa mkeka, aliyeenda ni mwingine, labda mzee. Tofauti yote imebebwa na "a-" na "wa-" na mahali umeweka "na". "Wafula na dadake wamefiwa na mama yao", ziko "na" mbili, ya kwanza inaunganisha walio hai, ya pili inaonyesha nani ameenda. Ukiandika haraka kwa simu hapo ndio unazika mtu mwingine tena wiki hii, kwa hivyo polepole.

Yule wa "Mama Wafula amefiwa" huyo amepotea kabisa, anarudia lile kosa la programu zangu za Alhamisi. Mama Wafula amefiwa maana yake mama Wafula ni mzima na kuna mtu wake ameaga. Halafu kuna shida nyingine hapo, kwetu "Mama Wafula" anaweza kuwa mamake huyo Wafula ama mwanamke yeyote mtaani mwenye mtoto anaitwa Wafula, huenda hata bibi ya baba ya Wafula mdogo plot namba tatu. Kwa tangazo la kifo andika mamake Wafula, ama mama yake mzazi, watu wajue unaongea juu ya nani.

"Wafula amepoteza mama" ndiyo yenye maneno mengi. Hii imekuja kutoka Kizungu, iko kila mahali sasa, kwa redio, kwa kanisa, kwa hotuba za wanasiasa, na siwezi kujifanya sijaizoea, hata mimi mdomo huniteleza. Lakini angalia kupoteza ni nini. Kitu kinapotea, wewe unakipoteza, yaani wewe ndiye uliyefanya kipotee. Nimepoteza kitambulisho, nimepoteza funguo, nimepoteza mama. Inabaki na harufu kidogo ya uzembe, kana kwamba ulikuwa umemshika mkono Kibuye siku ya soko ukamwachilia. Na ikiwa ni mtoto inakuwa hatari kabisa. Andika "jirani amempoteza mtoto wake" kwa grupu ya mtaa uone, nusu watatuma pole na nusu watauliza alikuwa amevaa sare ya shule gani na mmeshaenda kwa chifu. Kama lazima uitumie basi weka kiambishi cha mtu, "amempoteza mamake", angalau mama anakuwa mtu si kitu. Mimi naitumia tu pale kifo kishajulikana, mtu ameketi ananieleza maisha yake, "tangu nimpoteze mama sijarudi Bungoma", hapo hakuna wa kuchanganyikiwa. Kwa kutangaza, hapana.

Na mweka hazina anayetaka neno liachwe, huyo mwambie ashike daftari la pesa. Neno hili ukiliacha utasema nini badala yake? Utalazimika kusema "Wafula, mama yake amekufa", ni sawa, inaeleweka, lakini Wafula ameondoka kwa habari, na chama hakitachangia mama, kinachangia Wafula. Mwenye kupewa pole, mwenye kutumiwa rambirambi, mwenye kukaliwa usiku, anaitwa mfiwa. Familia yote ni wafiwa. Hilo jina limetoka kwa kitenzi hiki hiki, ukikitupa na jina linaenda nacho.

Kuna kosa lingine grupu yako haijafikia lakini litafika. Watu wanajua tunasema amekufa, alikufa, atakufa, hiyo ku inabaki juu -fa ni fupi mno haiwezi kusimama peke yake. Sasa mtu anachukua hiyo ku anaipeleka hadi kwa kufiwa, anaandika "amekufiwa". Hapana. -fiwa ina silabi mbili, imejitosheleza, ku inaanguka: amefiwa, alifiwa, atafiwa. Ukiiacha ku hapo katikati msikilizaji anaisikia kama "wewe", na kwa -fia ndiyo inakuwa neno zima kabisa: amekufia, yeye, amekufa, juu yako wewe.

Hili neno mimi nililifundisha miaka mingi ubaoni kama mfano wa kauli ya kutendewa bila kulisikia. Mama yangu aliaga usiku hospitalini, mimi nikiwa kwa kiti cha plastiki kando ya kitanda, nimeshika ile chupa ya uji ambayo hakuitaka. Asubuhi nikarudi Manyatta, jirani yetu mmoja mama mzima alikuwa anafagia nje, akaniona, hakuuliza mgonjwa anaendeleaje, aliangalia chupa, akaweka fagio chini akaniuliza, "Amekufia?" Basi. Neno moja. Angeuliza "amekufa?" ningemjibu kuhusu mama. Alivyouliza hivyo ilibidi nijibu kuhusu mimi, na hapo ndio nikalia mara ya kwanza.

Nirudi kwa kazi. -fia pia inabeba mahali na sababu, usichanganye. "Alifia Kericho" ni mahali. "Walifia nchi yao" ni sababu. "Alimfia mumewe" hapo ndio huko kwetu kwa kufiwa, mume ndiye ameachwa. Ni maneno yanayokuja pamoja nalo yanakuambia uko wapi. Mifugo pia inaingia, mtu wa Kitale ng'ombe wake akianguka atasema "amenifia akiwa na mimba", na husikii mtu akimcheka.

Juu ya wakati, -me- na -li-. Amefiwa ni mtu yuko ndani ya msiba sasa hivi, bado kuna viti vya kukodi uani. Alifiwa ni historia, ndiyo unatumia kwa wasifu wa marehemu: "mwaka 2004 alifiwa na mumewe akalea watoto 5 peke yake". Nimeona wasifu umeandikwa "amefiwa na mumewe mwaka 2004" na msomaji anabaki kujiuliza kama mume naye yuko kwa jeneza la pili.

Na kwa kuwa wewe ni katibu na hii haitakuwa ya mwisho, wacha nikuonyeshe maneno mengine mawili matatu yanayochoma vidole watu wakiwa haraka.

Fariki na fariji. Kwa simu j na k zimekaa bega kwa bega. Nimepokea, na sisemi kutoka kwa nani, meseji ya "Mungu aifariki familia yote". Mtu alitaka kusema aifariji, aitulize mioyo, akaishia kuiombea familia nzima iende pamoja na marehemu. Hii hakuna sarufi ya kukusaidia, ni kusoma kabla ya kutuma. Kufariki asili yake Kiarabu, ni kutengana, ndiyo maana wazee wanasema kamili "amefariki dunia", ametengana na dunia, ingawa siku hizi amefariki peke yake inatosha na sioni sababu ya kugombana nayo. Ila usiifanyie ujanja wa "amefarikiwa na mama". Naisikia naona mtu anatafuta adabu, anaona kufiwa ina kufa ndani yake ni kavu. Si kavu. Kavu ni kusema "mzee wako amekufa", hilo ndilo unakwepa kwa aliaga ama ametutoka. Kufiwa ni neno la heshima kutoka zamani, lisogeze mbele ya askofu ama imamu halina aibu.

Kuaga na kuagwa. Anayekufa anaaga, yeye ndiye anatuambia kwaheri. Mwili unaagwa, sisi ndio tunaupigia foleni. Tulivyofanya hapa kwa Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani ambaye wengi tulimwita Baba, utaona maneno yote yamepangana: alifariki India Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, Jumamosi tarehe 18 akaagwa hapa Kisumu uwanja wa Mamboleo, Jumapili tarehe 19 akazikwa Kang'o ka Jaramogi kule Bondo. Ukisema "aliagwa India" umekosea nchi na umekosea siku. Serikali ilikuwa imetangaza siku 7 za maombolezo, na hapo watu wakaandika kila aina ya kitu, ya ajabu kuliko zote niliisoma kwa bango: "tunaomboleza na Baba". Kuomboleza na mtu ni kulia pamoja naye, unaomboleza na familia, unaomboleza na jirani. Marehemu haombolezi, anaombolezwa. Tunamwomboleza Baba, ama tunaomboleza kifo cha Baba, moja kati ya hizo mbili. Kwa hivyo "na" ya kufiwa na "na" ya kuomboleza zinaenda pande tofauti kabisa: nimefiwa na mama, mama ameenda, naomboleza na mama, mama ameketi hapa ananipangusa machozi.

Kulia na kulilia. Unamlilia marehemu, li mbili. Ukipunguza moja inakuwa "tunamlia marehemu" na hiyo kwa sikio la Mswahili inaanza kuvutwa upande wa kula, kama "wamemlia pesa zake". Na ukikumbuka zile disko matanga zetu za magharibi, vijana wanachangisha usiku kwa jina la mwenda zake, labda wakati mwingine ndiyo sentensi sahihi.

Hilo neno matanga nalo, kwa vile nimeligusa. Mtu wa Mombasa akisema anakaa matanga anamaanisha zile siku za kukaa na wafiwa baada ya kuzika, halafu kuna siku ya kuondoa matanga watu wanarudi kwao. Huku kwetu tumelifanya mazishi yenyewe, "naenda matanga Siaya, narudi Jumapili". Kwa grupu ya Nakuru tumia hii ya kwetu, wataelewa. Ukiandikia mtu wa Pwani atashangaa mbona matanga yako yanaisha na kaburi.

Marehemu na hayati, hiyo wengi huniuliza kwa hivyo niijibu hapa hapa haraka. Marehemu ni aliyerehemiwa, na hiyo inamfaa mtu yeyote. Hayati kwa Kiarabu ni uhai, ila sisi tumeipa viongozi, utasikia hayati Rais Moi aliyezikwa Kabarak hapo kwenu Februari 2020. Mamake Wafula mwite marehemu, haimpunguzii kitu. Na usiweke zote mbili pamoja, "hayati marehemu", hiyo ni kama kuvaa kofia mbili.

Halafu Mungu amlaze, hapo ndipo ulipoanguka kwa hivyo nipachimbe kidogo. Ukitaja roho, ni i: "Mungu ailaze roho yake mahali pema". Ukitaja mtu, ni m: "Mungu amlaze marehemu mahali pema". Pema hailegei, ni juu ya mahali, usiandike mahali wema. Na kabla ya m ama i hakikisha yule unamwombea tayari ameshatajwa, na ametajwa karibu kuliko yule aliye hai. Mimi nikiwa na shaka narudia tu neno marehemu, heri lijirudie mara tatu kuliko mtu mmoja apigiwe simu na watu arobaini wanataka kusikia kama atapokea.

Kwa hivyo meseji yako ingekuwa hivi, ichukue kama ilivyo ubadilishe siku na mahali:

"Ndugu zangu, kwa huzuni nawajulisha kwamba mwenzetu Wafula amefiwa na mamake mzazi, aliyefariki jana usiku baada ya kuugua. Tunakutana kwake leo saa kumi na mbili jioni kumpa pole na kupanga safari ya mazishi. Mungu ailaze roho ya marehemu mama mahali pema, na awafariji wafiwa."

Awafariji, j. Angalia hiyo j mara mbili.

Ile ya kwanza ifute kama simu bado inakuruhusu, na kama imepita muda andika chini yake sentensi moja tu, "Wafula yuko salama, aliyetuacha ni mamake", usianze kuwaeleza kiambishi kwa grupu ya msiba, hayo waniulize mimi. Wafula mwenyewe usimtumie hii ya grupu. Mpigie, na akishika usimwambie "nimesikia umepoteza mama", mwambie "Wafula, nimesikia umefiwa, pole sana ndugu yangu", halafu nyamaza umsikie. Wale wa picha ya mshumaa wamwombe msamaha wenyewe, kila mtu na picha yake.